Baiskeli ya Binti Isitundikwe: Siku Moja Kutoka Abancay Hadi Curahuasi

 

Tangu tuweke picha za safari yetu ya Peru, maswali hayajakatika. Mlivaa nini? Mlikula nini kule kusiko na halali ya uhakika? Mlisali wapi? Nani aliwaruhusu? Na lile ambalo wengi wameliuliza pembeni, kwa aibu kidogo: hivi kweli mwili wa mwanamke unaweza mambo hayo? Tumeona tusimjibu kila mtu peke yake. Tutaeleza siku moja tu, ile ya kutoka mji wa Abancay hadi Curahuasi, na humo humo tutasema tunachokiamini. Asiyekubaliana nasi atuambie, ugomvi hatuna.

Kwa wasiotujua, sisi ni ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja: dada wawili na kaka yetu. Mmoja wetu anaishi Uholanzi, nchi ambayo bibi wa miaka sabini anakwenda sokoni kwa baiskeli na hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Wazo lilitoka huko. Wa pili yuko hapa hapa Mjini, na alikuwa hajakaa juu ya baiskeli tangu alipomaliza darasa la saba, mpaka alipoanza mazoezi ya miezi minane, kila baada ya sala ya alfajiri, kabla daladala hazijaijaza barabara. Kaka ndiye mahram wetu na ndiye fundi wetu wa pancha. Basi hao ndio sisi. Hakuna mwanamichezo hapo.

Abancay ni mji mkuu wa Apurímac, kusini mwa Peru. Umekaa ndani ya bonde lenye joto, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna miwa na maparachichi, na juu yake unauona mlima Ampay unaopita mita 5,200. Barabara ya lami inayokwenda Cusco inatoka mjini na kuanza kupanda hapo hapo. Inapanda kona baada ya kona kwa kilomita 35 hivi mpaka mahali pa kuvukia mlima, wenyewe wanapaita Abra Sorllaca, karibu mita 4,000. Kisha inateremka hadi Curahuasi, mita 2,700 hivi. Jumla ni kilomita sabini na kitu. Kwa basi ni usingizi mmoja mwepesi. Kwa mtu aliyezaliwa Unguja, ambako kilima chetu cha Masingini hakifiki hata mita 150, ni jambo la kumfanya aamke usiku ahesabu vidole.

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa ukavu kule, usiku baridi na mchana jua kali. Tulikula uji wa kinoa, mayai, mikate na parachichi, tukajaza maji, tukaanza. Na hapa ndipo kanuni yetu ya kwanza ilipo, ambayo tunaipenda kuliko zote: aliye polepole anatangulia. Wengine wote wanafuata mwendo wake. Makundi mengi hufanya kinyume, mwenye nguvu anakimbia mbele, anakaa chini ya mti anapumzika, yule wa nyuma akifika tu anaambiwa haya twende. Kwa hiyo mwenye nguvu anapumzika mara kumi na aliyechoka hapumziki hata mara moja. Tumeyaona hayo kwenye safari za baiskeli, na kusema kweli tumeyaona kwenye nyumba nyingi pia.

Mwendo wetu ulikuwa kilomita sita kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka anakaribia kukufikia. Baiskeli na mizigo yake ni kama kilo 35, na huwezi kuipandisha mlima kwa hasira. Utaipandisha kwa giya. Giya ndogo kabisa inafanya miguu izunguke sana na baiskeli isogee kidogo, lakini kila mzunguko ni mwepesi. Ni sawa na kuchota maji kisimani. Unaweza kubeba ndoo moja kubwa ukaumia mgongo, au ukaenda mara mbili na ndoo ndogo ukarudi unaimba. Kazi ni ile ile, umeigawa tu.

Ndiyo maana hatukubali baiskeli ya safari ndefu kuitwa mchezo wa wanaume. Kinachohitajika siku kama ile ni kula kidogo kidogo kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, kujua nani amenyamaza kwa sababu anafurahia na nani amenyamaza kwa sababu anaumwa, kupima maji yaliyobaki, kutazama jua limefika wapi, na kuendelea na kazi ile ile kwa saa nyingi bila kupigiwa makofi. Tuambieni nyinyi wenyewe, kazi hiyo inafanana na ya nani? Anayepika harusi ya watu mia tatu anaijua. Anayekwenda kuvua pweza maji yakitoka, akarudi, akapika, akafua, anaijua. Kaka yetu ana misuli kutushinda sisi wawili, na siku ile ndiye aliyesahau kula mpaka akaanza kutetemeka mikono. Tulimpa ndizi mbili na sukari guru ya kule wanayoiita chancaca, akarudi katika hali yake.

Kilomita kumi za mwanzo joto la bonde lilitufuata. Baada ya hapo mikaratusi ikaanza, halafu mashamba ya viazi, mahindi yaliyokwisha vunwa na maharage makubwa. Wanawake walikuwa njiani kabla yetu. Kule mwanamke anatembea kando ya barabara huku anasokota sufu kwa kijiti, hatazami mikono yake, anaongea na mwenzake, na mgongoni ana mzigo. Nguo ya kubebea wanaiita lliclla, ina mistari na rangi kali, inafungwa kifuani. Ndani yake unaweza kukuta mtoto, unaweza kukuta viazi, unaweza kukuta majani ya kulisha simbilisi wanaowafuga kwa kitoweo. Sisi wa kanga tuliielewa mara moja. Mtu anayejua mbeleko hahitaji kuelezwa lliclla ni nini.

Tuliwaamkia kwa neno la Kiquechua, "Allillanchu?", nao wakajibu "Allillanmi". Hujambo, sijambo. Neno moja tu, lakini linabadilisha uso wa mtu. Kwenye kona moja alikuwepo mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchemsha yenye punje kubwa kama kidole gumba, na kipande cha jibini nyeupe juu yake. Alituita "mamita", yaani kimama, kama sisi tunavyomwita mtoto wa kike "mama" na yeye ana miaka mitatu. Akamtazama kaka yetu, akatutazama sisi wawili, akauliza kwa Kihispania kama wote ni wake zake. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tulipomwambia ni kaka yetu, akasema basi ni kaka mzuri, na akamwongezea mahindi.

Kisha akashika ncha ya mtandio wa mmoja wetu, akauliza kama hausumbui kwenye upepo. Naye tulimuuliza kama sketi yake haisumbui. Alikuwa amevaa pollera, ile sketi pana yenye marinda mengi, juu ya nyingine ya ndani, na kofia. Akatujibu kwamba yeye amezaliwa ndani yake.

Jamani, tuseme kuhusu nguo, kwa sababu hili ndilo swali lililoongoza. Tulivaa suruali pana za kitambaa chepesi, juu yake gauni linalofika magotini lenye mpasuo pembeni, mikono mirefu, mtandio mwembamba uliofungwa nyuma ya shingo chini ya helmeti, na koti wakati wa baridi. Cheni ya baiskeli ina kifuniko ili nguo isinaswe. Hapo pia tulijikinga na jua, ambalo juu milimani linachoma kuliko la ufukweni hata kama unasikia baridi. Sitara haikutuzuia kitu. Waliotuambia kwamba mwanamke wa hijabu hawezi safari hizi, na waliotuambia kwamba akienda lazima ataivua, wote wawili tunaona wamekosea, na wanakosea kwa namna moja: wanadhani nguo ndiyo inayoendesha baiskeli.

Na hatuko peke yetu. Bolivia, nchi jirani ya Peru, kuna wanawake wa Kiaymara wanaojulikana kama Cholitas Escaladoras. Wengi wao walikuwa wapishi wa wageni wanaopanda milima, na waume zao waongozaji. Miaka waliwapikia watu waliokwenda kileleni, wao wanabaki kambini na masufuria. Mwaka 2015 wakaamua kwenda kuona wenyewe huko juu kuna nini. Walipanda na pollera zao, na viatu vya chuma vya barafu chini yake. Januari 2019 wakafika Aconcagua kule Argentina, mlima mrefu kuliko wote wa bara la Amerika, mita 6,961, na baadhi yao wakasimama kileleni na sketi zile zile. Hawakuivua nguo ya mama zao ili wakubaliwe. Sisi tunalipenda hilo kupita kiasi.

Turudi barabarani. Kuanzia mita 3,500 mikaratusi iliisha, zikabaki nyasi ngumu za manjano wanazoziita ichu. Hapo hewa ndiyo mtihani. Kwenye mita 4,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inakupa kidogo kuliko uliyoizoea. Mtu anapanda hatua ishirini, moyo unagonga kama mlango wa polisi. Sisi tulikuwa siku ya tisa tangu tutoke Ayacucho, tumeshavuka milima mingine, mwili umeanza kuzoea. Ukitoka pwani moja kwa moja ukaanza hapo utaumwa, na hilo halitazami ujana wala misuli. Ukiona kichwa kinauma sana pamoja na kichefuchefu, au mtu anayumba na kusema maneno yasiyoeleweka, hakuna dua ya kungojea pale pale juu. Teremka, na dua uombe huku unateremka. Uzuri wa siku ile ni kwamba tulipanda juu lakini tulilala chini, na mwili hupenda hivyo.

Wenyeji hunywa chai ya majani ya koka kwa ajili ya mlima. Kwao ni jani halali la kisheria, limetumika vizazi na vizazi, na hatukwenda kule kuwafundisha watu dini ya majani yao. Sisi tulichagua muña, jani la milimani linalonukia kama nanaa. Linatuliza tumbo na linakwenda vizuri na sukari guru. Tulikuwa nalo kwenye chupa ya chai.

Sasa lile swali la pembeni, la mwili. Siku ile mmoja wetu alikuwa kwenye siku zake, siku ya pili, na anayejua anajua siku ya pili ilivyo. Alipanda mita 1,600 zile zile. Alimeza dawa ya maumivu asubuhi, akasimama kubadilisha mara mbili nyuma ya ukuta wa mawe wa shamba huku mwenzake anashika kanga, takataka zake akazifunga kwenye mfuko na kuzibeba mpaka Curahuasi. Basi. Si ushujaa, ni mpango. Siku nyingine maumivu yangekuwa makali angepumzika, na hilo pia ni mpango.

Tulifika juu saa 8 mchana. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Kaskazini vilele vya theluji vya safu ya Vilcabamba vilikuwa wazi kabisa, vyeupe mpaka macho yanauma. Tulitawadha kwa maji ya chupa, kidogo kidogo, vidole vikafa ganzi. Wawili wakasali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza kama msafiri alivyoruhusiwa, na wa tatu, aliyekuwa na udhuru, akashika baiskeli zisiangushwe na upepo. Hapa Unguja kibla chetu ni kaskazini. Kule tulielekea mashariki, kwa kuegemea kaskazini kidogo. Kaka yetu alituomba tusigombane na dira, kwa sababu mmoja wetu alikuwa tayari ameanza kuelekea kule alikozoea, na kaskazini ya pale kulikuwa na theluji tu.

Hapo ndipo tulipomzungumza binti yetu, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Tuna mtoto wa ndugu yetu, ana miaka 13, anaishi kwa bibi. Alikuwa na baiskeli, aliipata kama zawadi ya kuhitimu juzuu. Mwaka huu amevunja ungo, na wiki ile ile baiskeli akapewa mdogo wake wa kiume. Hakupigwa, hakutukanwa. Aliambiwa tu kwamba sasa amekuwa mkubwa. Skuli yake iko mbali, madrasa iko upande mwingine, na daladala asubuhi zimejaa makondakta wanaosukuma wasichana ndani kama magunia. Anatembea. Mdogo wake, ambaye skuli yake iko nyuma ya nyumba, anaendesha baiskeli kwenda dukani kununua chumvi.

Bibi yetu, shikamoo. Tunajua utasomewa haya, na tunajua hukufanya kwa ubaya. Nawe ulifanyiwa hivyo, na mama yako pia. Lakini tuseme lile ambalo halisemwi, maana hofu yenyewe haina uhusiano na baiskeli. Hofu ni ubikira. Watu wazima wanaogopa kwamba binti akikaa kwenye kiti cha baiskeli atapoteza kitu, kisha siku ya ndoa yake aulizwe. Utando ule hutofautiana kwa kila msichana tangu anapozaliwa. Unaweza kubadilika kwa sababu nyingi zisizohusu mwanamume, na unaweza usioneshe dalili yoyote hata kwa aliyeolewa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanamume au la, na wakataka uchunguzi wa aina hiyo ukomeshwe. Kwa hiyo tunamnyima mtoto usafiri wa kweli, wa kila siku, kwa kuogopa ushahidi usiokuwepo.

Kuna wanaosema tatizo si hilo, tatizo ni macho ya watu. Binti akipita barabarani kwa baiskeli wanaume wa barazani watatazama na watasema. Ni kweli watasema. Wanasema hata akipita kwa miguu, tena kwa miguu anapita polepole na wanapata muda wa kusema mengi zaidi. Tukianza kuwatoa wasichana barabarani kwa sababu ya midomo ya wanaokaa barazani, tutaishia kuwafungia ndani, na waliokosa adabu wataendelea kukaa pale pale wanakunywa kahawa. Bibi Aisha radhiya-llahu anha alipanda ngamia akasafiri jangwani. Hatujui ngamia ana heshima gani ambayo baiskeli haina. Baiskeli angalau haitemi mate.

Wengine hoja yao ni usalama wa magari, na hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Barabara zetu ni nyembamba na madereva wanakwenda mbio. Hilo ni tatizo la kweli, lakini ni tatizo la mvulana pia, na yeye hakunyang'anywa baiskeli. Wote wawili wapewe helmeti na taa ya nyuma, na wafundishwe kushika upande wao.

Kuteremka hatutakueleza sana, kwa sababu ukipanda saa saba na nusu, kuteremka kunakwisha kabla hujamaliza kushukuru. Ila mambo mawili. La kwanza, usishike breki moja kwa moja muda wote, zinapata moto. Bana, achia, bana, achia, na baridi ikizidi vaa glavu na uweke gazeti kifuani ndani ya koti. Malori makubwa yanayokwenda Cusco yanapita njia hiyo, na mabasi hupishana kwenye kona. Sisi tulijiwekea amri: gari kubwa likisikika nyuma na kona iko mbele, tunatoka nje ya lami na kusimama. Hakuna aliyetulipa tuwahi.

La pili ni mbwa. Kila nyumba ya mlimani ina mbwa, na mbwa wa kule wanachukia baiskeli kana kwamba wametumwa. Ukikimbia wanakukimbiza. Ukishuka, ukaiweka baiskeli kati yako na wao, ukainama kama unaokota jiwe, wengi wanarudi nyuma. Mmoja aliing'ata suruali ya kaka yetu, hakufika mwilini, lakini mate yalibaki, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi unajua kinachofuata: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo milimani upo wa kutosha. Maji ndiyo tulikopa kwa mwenye mbwa, naye alitutazama kwa mshangao mkubwa huku tunahesabu.

Saa 10 kasoro tulisimama Saywite. Kuna jiwe pale kubwa, limechongwa kabla Wahispania hawajafika, upana wake kama mita nne, na juu yake michoro zaidi ya 200: vyura, nyoka, paka wa mwituni, ngazi, matuta ya mashamba, mifereji midogo. Wataalamu wengi wanaona linahusu maji, namna ya kuyaongoza kutoka juu mpaka shambani. Sisi si wataalamu, lakini tuliyamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa kwa macho tu, yaani tulifuata mifereji kwa kidole hewani bila kuligusa jiwe, na kidole kilitelemka mpaka chini bila kukwama. Dada mkubwa alikaa pale muda mrefu kuliko kwenye theluji.

Curahuasi tulifika saa 11, jua limebaki kidogo. Mji ule unajulikana Peru nzima kwa anisi, ile mbegu ndogo yenye harufu tamu. Kwa watu wa visiwa vya karafuu ilikuwa kama kufika kwa majirani. Mwenye nyumba ya wageni alitupikia supu ya viazi na mayai, akatuletea chai ya anisi bila kuulizwa. Alikuwa mama wa makamo. Alitazama baiskeli tatu uani, akauliza nani kaongoza njia. Kaka yetu akamwonesha yule aliye polepole kuliko wote.

Sasa, kuna watakaosema hizi ni safari za wenye pesa. Nauli ya ndege ni ghali, hatukatai, tuliweka akiba ya miaka mitatu na mmoja wetu analipwa kwa yuro. Peru si lazima iwe kwenu. Hatumwambii mtu auze dhahabu yake akapande milima. Tunazungumzia njia ya kutoka nyumbani hadi skuli, ambayo haina mita 4,000, haina theluji, haina hata kilima cha kukutoa jasho, na msichana wa miaka 13 anaweza kuimaliza kwa dakika kumi na mbili akafika darasani hajachoka.

Kikao cha familia kitakaa baada ya Idi inshallah, na tumeomba binti mwenyewe awepo asikilizwe. Kaka yetu ameshazungumza na mdogo mtu, ambaye amekubali kuirudisha kwa sharti la kuazimwa Ijumaa. Baiskeli yenyewe iko ukumbini kwa bibi, imeegemezwa kwenye kabati la vyombo, tairi la nyuma halina upepo. Pampu tunayo.